Darubini ya laki nane na kliki tisa zilizosahaulika

Shikamoo Mzee,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha. Nina mke na mtoto mmoja. Huu ni mwaka wa nne nafanya kazi na kampuni ya uwindaji wa kitalii. Nilianza nikiwa msoma nyayo, na msimu uliopita mwindaji bingwa wetu akaniambia nianze kutembea naye bega kwa bega ili nijifunze kazi yake. Nilifurahi sana, lakini kitumbua changu kimeingia mchanga.

Tulikuwa na mgeni kutoka Marekani. Alikuja na bunduki yake ya .30-06 yenye darubini kubwa, tareti ya juu, kile kitufe cha kuzungusha kinachosogeza shabaha, imekaa wazi, nene kama kifuniko cha chupa ya chai. Asubuhi ya siku ya tatu tukamwona kongoni dume kwenye uwanda. Nikapima kwa kipima umbali cha bosi: mita 300. Mgeni akazungusha tareti, nikahesabu kimoyomoyo milio yake, kliki tisa. Kabla hajatulia upepo ukageuka, kundi likaondoka. Tukalifuata kwa mguu zaidi ya saa nzima, tukalikuta limesimama kwenye migunga, mita 150 hivi. Nikasimika fimbo, mgeni akaegemeza bunduki, akapiga. Yule dume alianguka palepale kama gunia. Tukaanza kupeana mikono. Mara akainuka, akaenda.

Tulifuata damu mpaka ikakatika, tukafuata nyayo mpaka giza likatuzuia. Alfajiri tulirudi, tukakuta fisi wamebakiza pembe na ngozi kidogo.

Mgeni alimlipia, maana mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kwenye leseni sawa na aliyepatikana. Hakulalamika. Bosi ndiye aliyeniuliza usiku, tukiwa motoni: "Nani alirudisha tareti kwenye ziro?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikifumba macho namwona yule kongoni akiinuka.

Mzee, nataka nijifunze haya mambo nisiwe mtu wa kubeba fimbo tu. Ninayo .30-06 ya marehemu baba, leseni iko kwa jina langu, lakini haina darubini. Nimetenga shilingi 800,000 na mke wangu amekubali, ingawa tunajenga. Rafiki yangu ananiuzia darubini ya 6-24x50 yenye taa nyekundu na kijani kwa 180,000 tu, anasema namba kubwa ndiyo kuona mbali. Je, nichukue hiyo? Na nitafanyaje mazoezi ya tareti wakati risasi ni ghali hivi?

Msoma nyayo, Ngaramtoni

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na kongoni, maana naona ndiye aliyeandika barua hii, wewe umeshika kalamu tu.

Kliki tisa kwa mita 300 zinanieleza mambo mawili. Tareti ya mgeni wako ilikuwa ya mili, moja ya vipimo vya pembe, na bunduki yake ilikuwa na ziro ya mita 200, yaani kwa umbali huo, tareti ikiwa kwenye 0, risasi hugonga pale pale unapoelekeza msalaba, ile mistari ya kulengea ndani ya darubini. Kliki moja ya mili husogeza risasi sentimita 1 kwenye mita 100, sentimita 2 kwenye mita 200, sentimita 3 kwenye mita 300. Risasi ya .30-06 yenye uzito wa greni 180, ikiwa na ziro ya mita 200, huwa imeshuka takriban sentimita 26 ikifika mita 300. Kliki tisa mara sentimita 3 ni 27. Kwa hiyo mgeni alijua anachofanya, na hesabu yake ilikuwa safi.

Sasa zipeleke kliki hizo hizo kwenye mita 150. Kila moja ni sentimita moja na nusu, jumla sentimita 13.5. Juu ya hapo, bunduki yenye ziro ya mita 200 hupiga juu kidogo ya msalaba katikati ya safari, kama sentimita 5 kwenye umbali huo. Jumla ni sentimita 18 na zaidi. Na kongoni unamjua alivyoumbwa, bega limeinuka kama paa la nyumba. Pale juu ya uti wa mgongo kuna miiba mirefu ya mifupa na nyama tupu. Risasi ikigonga ile mifupa inautikisa uti, mnyama anaanguka kama aliyekatwa umeme, kisha baada ya sekunde chache fahamu zinamrudia na anaondoka. Mnyama anayeanguka papo hapo kama gunia ndiye wa kupigwa tena haraka kabla hajainuka. Hilo lichukue leo. Mikono ya pongezi hupeanwa ukishamgusa jicho kwa ncha ya fimbo, ukiwa nyuma yake, naye hapepesi.

Kwa hiyo darubini ilitii amri ya mwisho iliyopewa, na amri ile ilikuwa ya mnyama wa saa moja iliyopita. Mgeni alisahau, bosi wako hakuangalia, na wewe hukujua kwamba ni kazi yako kuuliza. Mmegawana kosa watu watatu. Usilibebe peke yako, ila fungu lako libebe sawasawa, na naona umeshaanza, kwa sababu umehesabu kliki bila kuambiwa na mtu. Vijana wengi wangekuwa wanamtazama mnyama.

Sasa twende kwenye fedha.

Hiyo 6-24x50 ya 180,000 mwachie rafiki yako. Simjui na simtuhumu, lakini naijua aina hiyo ya darubini. Namba ya kwanza, 6, maana yake hata ukiishusha kabisa bado inakuza mara sita. Ukimtafuta swala pala kwenye vichaka vya mita 40 utaona kipande cha ubavu na majani, usijue ni dume au jike. Namba ya 24 ndiyo inayouza, na ndiyo mbaya zaidi. Chukua kipenyo cha kioo cha mbele, gawanya kwa ukuzaji: 50 kwa 24 ni milimita 2 za mwanga unaolifikia jicho lako. Mboni ya jicho la kijana jioni hufunguka milimita 6 au 7. Ina maana saa kumi na mbili na robo jioni, wakati pofu, wale swala wakubwa, wanatoka kula, wewe unatazama ndani ya chungu. Mirage nayo, yale mawimbi ya joto ya mchana kule Longido, inakuzwa mara 24 pamoja na mnyama, na mapigo ya moyo wako vilevile. Taa nyekundu na kijani hazina kazi kwako, kwani wewe huwindi usiku.

Lakini sababu kubwa ya kuikataa ni ile uliyoniandikia mwenyewe. Unataka kujifunza tareti. Darubini za bei hiyo zenye madoido mengi zimetumia fedha zote kwenye madoido. Ndani ya tareti kuna skrubu inayosukuma bomba dogo lenye vioo, na upande wa pili kuna springi inayolirudisha. Springi ikiwa dhaifu, unazungusha kliki kumi msalaba unahama nane, unazungusha kumi kurudi unahama saba, halafu bunduki ikipiga teke unaruka zile zilizokwama. Utafanya mazoezi mwaka mzima ukidhani mkono wako ndio mbovu.

Chukua 3-9x40 ya kawaida. Najua haina mvuto ukiiweka mezani. Ukiishusha kwenye 4 inakupa milimita 10 za mwanga, zaidi ya jicho linavyoweza kutumia, na ukiipandisha 9 bado unapata 4.4. Inatosha kumpiga mnyama popote ambapo mtu mwenye huruma anapaswa kumpiga. Vortex Crossfire II ya ukubwa huo huuzwa Marekani chini ya dola 200. Leupold VX-Freedom ni ghali zaidi, karibu dola 300, lakini ni nyepesi, na Leupold ni watu wa Oregon walioanza kazi mwaka 1907. Bei ya huku itapanda kwa usafiri na kodi. Kwa mfuko wako mimi ningechukua Vortex, na tofauti nikaitia kwenye risasi. Nunua kwa mtu anayekupa risiti, maana darubini bandia zenye majina haya zimejaa. Na kabla hujalipa popote nje ya nchi, pita polisi wanaoshughulikia leseni yako uwaulize utaratibu wa kuingiza kifaa cha silaha. Usisubiri kuulizwa wewe.

Darubini hii ina tareti zilizofunikwa na vifuniko vya kuzungusha, na chini ya kifuniko kuna tareti unayoizungusha kwa vidole, ina kliki za kusikika, na ukishapata ziro unaweza kuirudisha kwenye alama ya 0. Ndicho hasa unachohitaji. Porini kifuniko kinakaa, hakuna tawi wala mfuko wa bunduki utakaoizungusha bila wewe kujua. Mazoezini unafungua.

Itakuwa ya MOA, kipimo kingine cha pembe, si ya mili. Usiogope. MOA moja ni sehemu ya 60 ya digrii, na kwenye mita 100 ni sentimita 2.9. Kila MOA imegawanywa kliki nne, kwa hiyo kliki moja ni kama milimita 7 kwenye mita 100. Zile sentimita 26 za mita 300 zingekuwa kliki 12 kwenye tareti yako, wakati kwa mgeni zilikuwa tisa. Ukijifunza lugha moja vizuri ya pili haikusumbui, na wageni wako watakuja na zote mbili.

Usimalize fedha kwenye darubini. Tenga kwa ajili ya kitako na pete nzuri za chuma za kufungia darubini kwenye bunduki, maana darubini nzuri kwenye pete za bati ni hasara. Skrubu za pete hazitaki nguvu ya fundi baiskeli. Nyuton-mita 2 zinatosha, ukizidisha unalibana bomba na tareti inaanza kukwama. Isogeze mbele kiasi kwamba jicho lako liko kama sentimita 9 kutoka kioo cha nyuma. Nimeona nyusi nyingi zenye alama ya mwezi mchanga, na .30-06 inaweza kuiandika kwa risasi moja. Halafu ning'iniza timazi la mwashi mbali kidogo, bunduki iwe imelala sawa kwa pimamaji, uhakikishe mstari wa wima wa msalaba unafuata uzi. Msalaba ukiinama digrii tano, kila unapopanda sentimita 29 risasi inaenda pembeni sentimita 2 na nusu, na utausingizia upepo.

Mazoezi sasa. Hapa ndipo nilipotaka tufike, na yale ya kwanza hayahitaji risasi hata moja. Hayahitaji hata bunduki.

Kabla hujaifunga darubini kwenye bunduki, nenda kwa fundi seremala akupe kipande kizito cha mninga. Kifunge kile kitako cha pete juu yake kwa skrubu, weka darubini, kisha bana gogo kwenye jiliwa ya fundi lisitikisike. Mita 100 mbele, kwenye ukuta au mti, bandika karatasi ndefu uliyochora mistari kila sentimita 2.9 kwa kalamu nene. Mita hizo zipime kwa futi ya kamba, usikisie kwa hatua. Elekeza msalaba kwenye mstari wa juu. Zungusha kliki 40 za kupandisha risasi. Msalaba unatakiwa uwe umeshuka mistari kumi kamili. Ukifika mistari tisa na nusu, andika, kwa sababu darubini yako ina lugha yake na utaishi nayo. Rudisha 40. Umerudi pale pale? Fanya hivyo mara ishirini. Kila mara gonga gogo kwa nyundo ya mpira ukiwa juu na ukiwa chini, kuiga teke la bunduki, uone kama msalaba unaruka. Darubini isiyorudi mahali pake mara ishirini kati ya ishirini irudishe dukani siku hiyo hiyo, ndiyo maana nimekwambia risiti.

Jioni hiyo hiyo ikae hapo kwenye gogo mpaka jua lizame. Tazama miti ya mteremko wa Meru kadiri giza linavyoingia, uone ni dakika ngapi baada ya macho matupu kushindwa darubini bado inakupa shina na tawi. Ni kipimo kinachokuhusu kuliko karatasi yoyote ya kiwandani.

Ukishaifunga kwenye bunduki, bunduki ikiwa tupu, umeikagua chemba kwa jicho na kwa kidole na risasi ziko chumba kingine, keti nyumbani jioni mke wako akutajie umbali. "Mita 300!" Fungua kifuniko, kliki 12, sema kwa sauti, "Kumi na mbili juu." "Ameondoka!" Rudisha, gusa alama ya 0, sema "Ziro," funga kifuniko. Neno "ziro" litoke mdomoni kila mara, kwa sababu mkono hausahau kile ambacho mdomo umezoea kukidai. Dakika kumi kila siku kwa mwezi mmoja. Mwombe mke wako rangi ya kucha nyeupe, chora mstari mwembamba kutoka kwenye tareti hadi kwenye mwili wa darubini pale kwenye 0. Usiku kwenye hema utauona kwa mwanga wa kurunzi bila kusoma namba.

Risasi zije mwisho, na zipigwe uwanja ulioidhinishwa au kambini pale wageni wanapopimia bunduki zao siku ya kwanza, kwa ruhusa ya bosi wako na ofisa wa wanyamapori aliyepo. Shambani kwa mjomba hapana, hata kama nyuma kuna kilima. Anza mita 25 ili uingie kwenye karatasi ya shabaha, kisha mita 100 ukiweka risasi sentimita 5 juu ya msalaba, halafu thibitisha mita 200. Kisha piga kile tunachokiita sanduku: ukiwa mita 100 ukilenga nukta moja tu wakati wote, piga moja, panda kliki 20 piga, kulia 20 piga, shuka 20 piga, kushoto 20 piga. Matundu manne yatengeneze mraba wa sentimita 14 na nusu, na tundu la tano liingie kwenye la kwanza au libusane nalo. Subiri mtutu upoe kati ya risasi na risasi. Risasi tano zinakwambia mengi kuliko boksi zima lililopigwa haraka haraka kwenye chupa.

Na kwenye mnyama? Nakuomba msimu huu wote usizungushe tareti yako kabisa. Kwa ziro ya mita 200 unalenga katikati ya moyo na mapafu tangu mita 30 mpaka 220 bila kugusa chochote, risasi haipandi wala kushuka zaidi ya upana wa kiganja. Zaidi ya hapo, sogea. Wewe ni msoma nyayo, una ujuzi ambao yule mgeni hawezi kuununua, ujuzi wa kuzipunguza mita 300 mpaka 150 bila kundi kujua. Mngekuwa mmeanza na huo asubuhi ile tareti isingeguswa.

Kwa wageni ni tofauti, wao watazungusha, na hapo kazi yako ni mbili. Siku ya kwanza anapopima bunduki kwenye karatasi ya shabaha muulize kwa adabu: tareti yako ni mili au MOA, ziro yako ni umbali gani, na unahesabu kwa yadi au kwa mita? Hilo la mwisho lisikupite. Mmarekani mara nyingi ana jedwali la yadi kichwani au kwenye kitako cha bunduki. Ukimwambia "300" ukiwa na kipima umbali cha mita, yeye akazungusha ya yadi 300, amejiandaa kwa mita 274, na risasi itapita chini. Kipima umbali cha bosi kina mahali pa kubadilisha. Kiweke kwenye yadi safari nzima ya mgeni huyo, na wewe ujifunze kufikiri kwa yadi kwa siku hizo kumi au ishirini na moja.

Kazi ya pili ni kila mnapoondoka mahali ambapo tareti iliguswa, kabla ya hatua ya kwanza, umwambie "Zero, sir?" na usisogee mpaka umeona kwa macho yako. Hata akiwa mzee kuliko mimi, hata kama kundi linaondoka. Ukisimika fimbo mara ya pili, uliza tena. Atakayekasirika ni mmoja kati ya ishirini, na jioni atakuwa ameshaelewa.

Mwambie bosi wako, kabla msimu haujafunguliwa Julai, kwamba swali lake la motoni sasa lina jibu: mimi ndiye nitakayeuliza. Halafu ukishapiga sanduku lako la kwanza niandikie umbali wa tundu la tano na la kwanza, kwa milimita.